Masese Alipopima Pikipiki Yangu

Samsam, wee! Wacha chochote unafanya, soma hii kwanza.

Si unajua Masese, mwenyekiti wetu wa steji hapa Ogembo, alinikataza kubeba abiria tangu mkono wangu wa kushoto ulegee? Leo nimefika na pikipiki. Fundi amehamisha klachi, sasa iko kulia pamoja na breki. Nikasema wacha niwaonyeshe.

Masese akasema, "Drusilla, kaa hapo. Mwenye mikono miwili aipime kwanza."

Mikono miwili! Mbele ya steji nzima!

Akaipanda, akashuka na mteremko. Mkono wa kushoto ukatafuta klachi, hakuna kitu. Akashtuka, akafinya ya kulia akidhani ni breki. Kumbe ndiyo klachi! Injini ikaachia, pikipiki ikazidi mbio na mteremko, ikaingia kwa ndizi za Nyakerario.

Ndizi, Samsam! Alikaa juu yazo kama ndiye anaziuza.

Hajaumia sana, ni mguu tu umeteguka. Wale wengine walikuwa chini wakicheka, kwa hivyo ni mimi nimempeleka kwake. Nimemshusha saa hii.

Abiria wangu wa kwanza. Amenishika kiuno njia yote, na ile mikono yake miwili.