Maziwa ya Chuchu ya Nne

Mama yangu huko kambini Nakivale, amahoro.

Hapa Mbarara mvua hainyamazi. Naongea na ng'ombe kwa Kirundi, maana mwingine wa kunielewa sina. Jana dokta wa mifugo alikuja kumpima Gaju, yule mwekundu ninayempenda. Anakula vizuri, kiwele hakijavimba, maziwa ni meupe. Dokta akakamulia kila chuchu kwenye kikombe chake, akatia dawa, akazungusha. Vikombe vitatu vilibaki majimaji. Maziwa ya cha nne yakavutika kama ute wa yai.

"Huyu anaumwa ndani kwa ndani," akasema. "Maziwa yake ya leo yamwageni."

Mwenye shamba, bibi wa Kinyankole, akarudi nyuma. Wanawe wakatazama chini. Kwao kumwaga maziwa ni kujitakia mkosi. Bibi akanigeukia: "Mwaga wewe. Wewe si wa hapa, mkosi hautakupata."

Nikabeba ndoo hadi nyuma ya zizi, nikamwaga.

Nakukumbatia, mama. Ukisali rozari leo, unitaje kwa jina. Wewe ulinichapa utotoni kwa tone moja tu nililomwaga. Hapa hakuna aliyeniuliza kama kwetu pia maziwa hayamwagwi.