Jicho Linalofumba kwa Taya

Thesaloniki, Jumatano, wiki ya tatu baada ya Pasaka

Kaka yangu mpendwa Pandelis,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba magoti yamekuruhusu kupanda hadi kwenye mizeituni mwaka huu. Mimi ni mzima, na leo naweza kuliandika neno hilo bila kujilazimisha. Juzi mvua ilinyesha, harufu ya zaatari ikapanda kutoka kwenye chungu changu kibarazani, na kwa muda nikawa tena kijijini kwetu Agridia, nawaita mbuzi wa baba.

Unajua kwamba walipoutoa ule uvimbe nyuma ya sikio, upande wa kushoto wa uso wangu ulipooza. Kuhusu jicho sikukueleza. Lilikataa kabisa kufumba. Nililala nimelibandika plasta, na hata hivyo kioo chake kilikauka hadi kikafanya kidonda. Daktari Rodopi alisema wazi kwamba likibaki hivyo litapofuka. Kanisani ndiko nilikoumia zaidi: kuomba huku jicho moja limekodoka si kuomba, ni kulinda mlango.

Mwezi Novemba daktari akanipasua. Alichukua ukanda wa msuli wa kutafunia, huu wa kwenye panja, akaupitisha ndani ya kope zote mbili hadi karibu na pua. Nikiuma meno, kope zinakutana. Lakini msuli wa kutafuna haujui kupepesa, sharti ufundishwe. Akaniagiza niume meno kila wakati, nyumbani na njiani. Nikilegea, jicho litakauka tena.

Basi Jumapili moja ya Kwaresima nikasimama kwenye foleni ya Komunyo, nikifanya zoezi langu kwa utii. Tangu usiku wa manane hata tone la maji halikuwa limepita kooni mwangu, kama tulivyolelewa. Padri Anthimos akashusha kijiko cha Komunyo, akaniuliza natafuna nini. Nyuma yangu wanawake wakaanza: "Ana bazoka huyo! Na umri wote huo!" Na kule pembeni Bwana Fotis, mwimbishaji wetu, mgane aliyetoka Skinudi ya kisiwani kwetu, alipoona namkonyeza mfululizo, akapotea katikati ya wimbo. Nikarudi kitini bila Komunyo.

Nikaacha zoezi mbele za watu, kisha hata nyumbani. Kidonda kikarudi. Daktari akaniuliza, kwa ukali ulionistahili, kama naithamini aibu yangu kuliko jicho langu.

Aliyenitoa huko ni Fotis. Alibisha hodi na mfuko wa tini kavu na lozi ngumu, akasema jirani yangu amemweleza kila kitu, na Padri sasa anajua na anaona haya. Kisha akavuta kiti. "Kula, wewe mtu wa Agridia. Sisi wa Skinudi hatuogopi kukonyezwa. Lakini kama unaona aibu, nitageukia ukuta." Akageuka kweli, mtu mzima yule, akaanza kuimba kwa sauti ya chini maombolezo ya Ijumaa Kuu kama alivyoyaimba baba, na ule mvuto mrefu wa mwisho ambao hapa mjini hakuna anayeujua. Nikatafuna. Jicho likafumba pamoja na mwenzake, na katika giza lile nikaziona ngazi za kanisa letu, mishumaa, na mama akipanda huku ameshika viatu mkononi.

Akawa anakuja kila jioni. Baadaye nikamwambia anaweza kuacha kutazama ukuta. Kidonda kimepona, na daktari anasema jicho limeokoka. Siku hizi hata nikizungumza kope hupepesa zenyewe, bila mimi kuziagiza.

Kaka, wewe ndiye uliyebaki mahali pa baba, na mara nyingi nilikaa kukuandikia nikuombe idhini ya kuolewa. Kila nilipoanza, nilijiona msichana, nawe umekunja uso mlangoni. Kwa hiyo sikuombi. Tulivikwa mataji ya ndoa Jumapili iliyopita.

Tutakuja kabla ya sikukuu ya Bikira, mwezi Agosti. Kama ni kukasirika, kasirika sasa, tukifika iwe imekwisha. Fotis ana wasiwasi. Anasema wanaume wa Agridia wana mikono mizito. Sikumkatalia.

Nisalimie wifi Despo, na yeyote pale kijijini ambaye bado analikumbuka jina langu. Mwambie wifi atutandikie chumba cha juu. Kitanda kimoja kinatosha.

Dada yako akupendaye,
Evanthia