Gauni la Marehemu Limekwenda Ruiru

Mpendwa Bi Magdalene,

Salamu nyingi, na tafadhali nijibu gazetini kabla ya Jumamosi. Mimi ni dobi hapa Thika, nashika pasi ya mkaa tangu vita vya Hitler viishe, na watu wanajua kwamba nguo nikizifua mimi huzuni hutoka pamoja na uchafu, sijui ni maji ya mto Chania au ni mikono, Mungu ndiye ajuaye, lakini karani Macharia alizika ndugu yake akanyamaza miezi minne, na siku aliyovaa shati nililolifua alisalimia watu barabara nzima mpaka stesheni.

Sasa shida yangu. Mke wangu Amida alifariki miaka miwili iliyopita, na gauni lake la samawati nililiweka bila kulifua kwa sababu lilikuwa bado na harufu yake, kila jioni nalinusa, na alama za uzi za kuonyesha nguo ni ya mteja gani alikuwa akizishona yeye, alipokufa nikaziacha nikasema nitakumbuka kwa kichwa, basi mwezi uliopita mvua ikaingia chumbani, nikahamisha vitu mbiombio, gauni likachanganyika na nguo za watu, nikalifua, nikalipiga pasi, nikalipeleka Ruiru kwa baiskeli kwa Kulthum, mjane anayechagua kahawa, ambaye ana gauni la kitambaa hicho hicho. Nilijua kosa langu niliporudi nikakuta lake liko kambani, lakini sikuthubutu kulifuata.

Juzi Kulthum alikuja nalo. Akasema, "Idarous, hili si langu. Lakini tangu nilivae sijalia. Nikurudishie?" Nikamwambia arudi nalo kwake, aje Jumamosi nimpe jibu. Na aibu yangu ni hii, tangu gauni liondoke nalala mpaka adhana, nacheka ovyo, na nikiifikiria Jumamosi moyo unaruka. Je, nimemsaliti marehemu? Nilichukue?

Idarous, Thika

Bwana Idarous,

Pole kwa Amida, Mungu amrehemu. Barua yako imenitoa machozi, halafu ikanikasirisha. Dobi mzima unafua majonzi ya Thika yote, ya kwako unayafungia chumbani na kuyanusa kila jioni! Mganga hajigangi, sawa, lakini nani alisema akatae kupona?

Mimi ni mtu wa kanisa, ila nimekaa na majirani Waislamu miaka mingi na najua kwamba arobaini ikiisha nguo za marehemu hugawiwa watu. Wewe ulilificha hilo gauni. Siku ya mvua mikono yako ikafanya kazi uliyoikataa miaka miwili, na sadaka ikamfikia aliyeihitaji. Huwezi kuirudisha sadaka, bwana.

Tena kulala si usaliti. Mke gani aliyekupenda angefurahi kukuona unakonda juu ya gauni? Na huo moyo unaoruka, usijifanye hujui maana yake. Usiukimbize wala usiuzime.

Basi fanya hivi. Shika sindano ushone zile alama mwenyewe, maana mteja mwingine hatakuwa mpole kama huyu. Jumamosi mrudishie Kulthum gauni lake lililobaki kwako, kisha umwambie juu ya lile la pili: "Lilikuwa la mke wangu Amida. Sasa ni lako." Usiongeze neno. Mkilia, lieni. Halafu mkaribishe chai.