Kofia ya Mgodini Ina Mwenyewe

Baba, shikamoo. Maharage yako motoni, yaongeze maji yasiungue. Nimekwenda Ibadakuli kumpelekea Mama Zuwena gauni ulilomshonea. Mama yuko sokoni. Amenuna, na sababu unaijua.

Nyapara wako wa zamani alipokuja asubuhi kukuita urudi mgodini Geita, uliivaa ile kofia ya chuma mbele ya kioo ukasema, “Bado inanienea!” Inakuenea, Baba. Lakini tangu ushike cherehani ndiyo kwanza tunalala bila kusikia kikohozi chako. ~~Nenda tu, hatutalia.~~ Nimefuta, ni uongo.

Kwa hiyo natangaza rasmi, kama mwalimu wa zamu bwenini: kofia nimeitandika majani, nikaweka mayai, na yule kuku mwekundu aliyekuwa akitafuta pa kuatamia ameingia na hataki kutoka. Sheria ya Mama unaijua: kuku anayeatamia hahamishwi mpaka atotoe.

Lori la nyapara linaondoka kesho. Ukiamua kwenda, kamwombe kuku kofia wewe mwenyewe. Anadonoa.

Kitinda mimba wako mtiifu,
Generosa