Shamba la Mama na Karafuu za Kosmas

Kwa mdogo wangu Restituta, na wote mliokaa hapo barazani,

Resti, najua ulishasema shikamoo tangu bahasha iko mkononi, basi marahaba. Na wengine wote marahaba kwa pamoja, msisumbuke kurudia. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma imekusaidia, au mmempaka mbuzi? Mimi mzima kabisa, nimenenepa mpaka shingo. Baridi ya huku Kanada mwaka huu imekuja na hasira. Siku moja nilipiga chafya nje nikasikia inaanguka chini na kuvunjika kama kigae. Lakini kaka yako nilitoka na shati tu, Wazungu wakaitana waje kunitazama.

Nimeandika kwenye karatasi sababu simu anaisikia mmoja. Barua za nyumba yetu zinasomwa Jumapili baada ya ibada, na msomaji ni mumeo, shemeji yangu Kosmas, maana ndiye anayesoma masomo pale kigangoni na sauti yake anaipenda kuliko chakula. Vizuri. Kosmas, shemeji, soma taratibu, wazee wasikie.

Ujumbe wenu nimeupata, kwamba Kosmas anaomba kupanda karafuu shamba la juu, lile la marehemu mama. Amefanya adabu kuuliza. Sisi Waluguru ardhi iko kwa mama, na mwenye neno ni mjomba wa watoto, na mjomba ni mimi hata nikikaa mwisho wa dunia. Mume akilima ardhi ya mkewe analima mahindi, analima maharage, anamletea mjomba ngoto yake, ile ada ya ardhi, kuku mmoja, mambo yanakwenda. Mti wa kudumu ni habari nyingine, kwa sababu mti ukishika mizizi na aliyeupanda naye ameshika. Kwa hiyo anasubiri neno langu. Neno ninalo, liko mwishoni mwa barua. Atakayeishia katikati hatalipata.

Kwanza habari za kazi. Miaka yote nimewaambia nafanya kazi kwenye mboga. Leo nawaambia mboga gani. Ni bangi.

Msishike vichwa. Huku ni halali, mtu mzima ananunua dukani kama anavyonunua sukari. Inalimwa kwenye nyumba za kioo. Chukueni majaruba yote ya mpunga ya Dakawa, yaezekeni kioo, wekeni taa kila hatua moja, hapo mtakuwa mmekaribia nusu ya pale ninapofanya kazi. Mimi ndiye mkubwa wa chumba cha kupogoa. Chini yangu kuna Mfilipino, mama mmoja wa Kipolandi, na bwana mmoja mwenye digrii mbili ambaye nilimfundisha mimi, wa darasa la sita, namna ya kushika mkasi. Tajiri akipata wageni anawaleta kwangu, anawaambia huyu anaujua mmea kwa harufu ukiwa bado mbegu.

Mji huu ulikuwa umekufa. Kiwanda cha mbao kilipofungwa walibaki wazee na mbwa wao. Serikali ilipohalalisha bangi ikabandika ushuru hapohapo. Kila pakiti ina stempu ndogo, na bila stempu haitoki mlangoni. Watu wakapata kazi, nyumba zikapata wapangaji, kinyozi akarudi, mwoka mikate akarudi. Halmashauri ikapata fungu lake, ikatia lami barabara ya shule, ikaezeka upya zahanati. Siku ya kuifungua nilikuwepo, mstari wa mbele. Mkubwa wa mji akanyoosha kidole juu akasema paa hili limetoka kwenye majani, na watu wakapiga makofi, padri akiwemo.

Sitawadanganya kwamba ni peponi. Kila mwenye kioo alikimbilia kulima, bangi ikafurika kama nyanya pale Dumila wakati magari hayaji. Bei ikaanguka, ushuru ukabaki palepale. Mashamba mawili ya kioo jirani na letu yamefungwa, watu wameondoka na magodoro yao. Na wauzaji wa uchochoroni hawajaenda popote, wanauza rahisi sababu wao stempu hawaijui. Nilimwambia tajiri mapema apunguze vyumba, akanicheka. Sasa ananiita Profesa.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu si bei. Ni bibi mmoja jirani yangu, mjane, mwenye miguu mibovu. Sheria ya huku inaruhusu kila nyumba kuwa na mashina manne ya bangi. Ya kwake ameyapanga barazani kwenye ndoo, katikati ya maua. Polisi akipita anampungia mkono, na bibi anamwita ampe biskuti. Juzi nilisimama pale uzioni nikayatazama yale mashina mpaka bibi akauliza kama naumwa. Nilikuwa nakumbuka ya kwangu.

Wakubwa mnaikumbuka siku ile. Mashina kumi na mawili, kati ya migomba, shamba hilohilo la juu. Nilikuwa nataka mabati ya nyumba ya mama. Nilikosa, sikatai, sheria ilikuwa sheria na huko bado ni sheria, mtu asije akapanda akasema mjomba kasema. Mgambo walikuja wanane. Watano niliwaangusha, wa sita aliteleza mwenyewe, waliobaki wakanikalia. Mashina wakayafunga kama kuni kuwa ushahidi, wakayaweka nje ya ofisi, na mbuzi wa jirani akaula ushahidi wote akashinda siku mbili analitazama jua. Ndiyo maana kesi ilikufa. Lakini kabla haijafa nilikaa mahabusu miezi mitatu, na mwezi wa pili mama akafariki.

Hapa sitii chumvi. Sikumzika mama yangu. Habari niliipata wiki nzima baadaye, kutoka kwa mahabusu mwenzangu aliyeletewa uji na ndugu zake. Mahali pangu mbele ya jeneza, nikaja kuambiwa, msalaba ulishikwa na Kosmas, na somo akalisoma Kosmas.

Sasa sikilizeni. Njia ya kwenda shamba lile inapita kwa katekista, na mbwa wake wanabwekea hata nzi. Siku ile hawakubweka. Mgambo walikuja kwa njia ya mtoni, ya nyuma ya jiwe, ile aliyoifyeka mama mwenyewe ya kuteka maji, ambayo nje ya nyumba yetu hakuna anayeijua. Wakaingia kwenye migomba wakaenda moja kwa moja, hawakupapasa. Na wakati wananishusha nimefungwa, mmoja akaniinamia sikioni, akasema polepole, kwa adabu kabisa:

"Shemeji yako anakusalimu."

Hapa Kosmas ameshaanza kupunguza sauti. Anjela, mpwa wangu, inuka, simama nyuma ya baba yako utazame mistari. Wewe ni mwalimu, unajua mtu anavyoruka. Usinikasirikie, mwanangu. Yeye ni baba yako, lakini ukoo ulionao ni wangu.

Kosmas, naijua sababu yako pia. Mwaka ule uliniomba shamba hilo nikakukatalia mbele ya watu. Nikasema ninyi watu wa bondeni mnapanda mti kama mtu anavyofunga mbuzi kwenye uwanja wa mwenzake. Watu wakacheka na wewe ukacheka nao. Nilikuwa na mdomo, nakiri. Ungekuja kunipiga. Ungekuja na panga, tungeumizana, tungeoga, tungekula. Wewe ukanipitishia watu kwenye njia ya mama.

Huku paa la zahanati limetoka kwenye majani, na yangu yalinitoa kwenye kaburi la mama. Miaka yote nakata majani ya watu kwa mkasi, na kila jani nasema Kosmas. Yule mama wa Kipolandi anadhani ni sala ya kwetu, siku hizi na yeye anaisema.

Basi neno langu juu ya karafuu ni hili. Kuku wa ngoto simtaki, mleni na Resti, mgongo upate nguvu. Nimemwandikia Kosmas mstari mmoja, uko chini ya jina langu. Akiusoma kwa sauti ileile ya kigangoni, apande karafuu shamba zima, mche wa kwanza kichwani pa kaburi la mama, avune mpaka uzee umshike, na baada yake watavuna wapwa zangu. Akikunja karatasi, hakuna mti. Ardhi ya mama ilale majani, na mtakaokuwa mmekaa hapo mtakuwa mmesikia alivyonyamaza. Mimi yote mawili yananitosha.

Msalimieni mama mdogo, mwambieni miwani iko njiani. Msalimieni katekista na wale mbwa wake, hawana kosa lolote. Wapwa zangu wote wawashikie vichwa watoto wao kwa niaba yangu. Na wewe Resti, nisamehe kwa kuyaleta haya kwenye baraza yako. Sikuwa na baraza nyingine.

Ni mimi kaka yako,
Deogratias, mjomba wa watoto wako

"Mimi Kosmas, mume wa Restituta, ndiye niliyewapitisha mgambo njia ya mama."