Mkanda wa Shingoni

Jumatatu, 4 Machi
Shingo imekaza. Mke wangu kaniita, ikabidi nigeuke mwili mzima, kama kabati. Ni huu mkanda uliokuja na kamera – mwembamba, unakata kama kamba ya mbuzi. Na Jumamosi mpwa wangu anaolewa. Shemeji, baba yake bibi harusi, anataka mpiga picha wa kukodi. Hajasahau mahafali ya mwaka jana, shingo iliponizidi nikawakata vichwa kaka zake watatu. Pichani, lakini. Mpwa kanitetea: picha zangu atapiga Mjomba. Kisha akaninong'oneza, "Mjomba, siku nzima utaiweza?" Nikamwambia niliwahi kusimama uwanjani saa kumi na moja mfululizo, kamera tatu shingoni, mvua ya mawe. Mke wangu akasema nilipoisimulia juzi kamera zilikuwa mbili.

Jumanne, 5 Machi
Nimenunua wa ngozi. Muuzaji kaapa utalainika. Lini, hakusema. Nimepiga picha za pasipoti za watu sita tu, shingo ikatoka alama nyekundu. Mteja wa mwisho kaniuliza nani alitaka kuninyonga.

Jumatano, 6 Machi
Nimerudi dukani. Kanijaribisha wa mpira, mpana, unanesa. Shingoni ni mto kabisa. Lakini nikitembea kamera inaruka, inanidunda kitambini – kama napigwa na mtu mfupi. Muuzaji: mzee, ukatize kifuani, uzito ubebwe na bega. Nikamjibu mkoba ndio hukatizwa kifuani, kamera ya fundi hukaa shingoni. Akasema basi fundi arudi na shingo yake nyumbani. Mtu aliyeota ndevu juzi!

Alhamisi, 7 Machi
Wa ngozi tena. Nimeupaka mafuta ya kupikia. Sasa unakata na kunuka.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji kapita. Kama shingo inakusumbua sema mapema, nimpigie yule mwingine. Nikamcheka. Nikacheka vibaya, kichwa kikabaki kulia. Alipoondoka, mke wangu akaufungua mkanda wa mkoba wake wa kutokea – mpana, wa kitambaa, wa njano, maua tele – akaupachika kwenye kamera kwa kulabu zake, akanivisha ukikatiza kifua. Nimezunguka ua mara kumi. Hakuna maumivu. Hata kidogo! Nimekasirika kabisa. Nikamwambia huu hauvaliki mbele za watu.
"Haya, vaa wa ngozi, ufe na heshima zako."

Jumamosi, 9 Machi
Naandika chooni, ukumbini. Nilianza na wa ngozi. Ilipofika picha ya arobaini, bibi harusi hana kichwa. Nimefuta upesi, hakuna aliyeona. Wa ngozi sasa uko mfukoni, wa maua uko magotini. Dirisha liko wazi, nawasikia huko nje. Shemeji anamuuliza mke wangu mbona mkoba kaubana kwapani kama kuku wa kuibiwa, mkanda wake uko wapi?
"Umekwenda kazini," anasema.
Shemeji anauliza kazi gani.
Mpwa anagonga mlango. Mjomba, familia yote imejipanga, tunakusubiri wewe tu. Nimemwambia naja, nafunga mkanda. Atadhani wa suruali.
Kulabu ya kwanza imeshika. Ya pili nayo imeshika. Natoka.