Chini ya Mstari Mwekundu

Kwako Mwalimu Mkuu wangu wa kwanza,

Shikamoo. Marahaba yako nitaijaza mwenyewe, maana mwezi uliopita tulikuzika Kolo na mimi nilikuwepo. Waliniomba niseme neno kwa niaba ya walimu uliowahi kuwaongoza. Nikasema sentensi moja, kwamba ulikuwa mtu wa kutunza muda, nikakaa. Watu wakadhani ni majonzi. Wewe ungejua kuwa nimejizuia tu, kwa sababu yaliyobaki hayakufaa kusemwa mbele ya wanao.

Nayasema hapa, na yeyote anayeongoza walimu asome.

Unalikumbuka lile daftari la mahudhurio pale shuleni kwetu Nkuhungu. Tulikuwa walimu kumi na wanne. Kila mmoja akifika anaandika jina, saa, anatia saini. Ikitimia saa moja na nusu unachukua ile kalamu nyekundu uliyoifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza isiibwe, unaweka rula, unapiga mstari. Atakayefika baada ya hapo anaandika jina lake chini ya mstari. Pembeni kulikuwa na safu ya maelezo, ya kueleza sababu.

Nakupa haki yako kwanza. Asubuhi moja mvua ilikata barabara, nawe ukaingia saa moja na dakika arobaini na moja, viatu mkononi, matope hadi magotini. Ukafungua daftari.

"Mstari uko wapi?"

"Tulikuwa tunakusubiri wewe, Mkuu," akasema Mwalimu Chilewa, msaidizi wako.

"Kwani mimi ndiye saa?"

"Lakini Mkuu, mvua..."

"Imewanyeshea kumi na watatu, mmefika."

Ukapiga mstari, ukaandika jina lako chini yake, peke yako. Chilewa alicheka hadi mapumziko: "Leo mstari umemla mwenye kalamu!" Na wewe ukacheka. Kwenye ratiba ulijipa kipindi cha mwisho cha Alhamisi, darasa la tatu, watoto tisini na sita wenye njaa na usingizi, kipindi ambacho sisi wote tulikuwa tunakikwepa. Hayo niliyaona na sijayasahau. Wakuu wengi niliowajua baadaye walikuwa na mstari kwa ajili ya wengine tu.

Sasa ya kwangu.

Mwaka ule mama alipopata kiharusi, zile siku mdogo wangu alipokuwa safarini nilibaki naye peke yangu. Kumwogesha, kumgeuza, kumlisha uji. Jirani wa kukaa naye alikuwa anafika saa moja na dakika tano. Kutoka kwetu hadi shuleni ni dakika thelathini na nne kwa mguu, na nilikuwa natembea haraka. Jumlisha. Ni saa moja na dakika thelathini na tisa. Nilichelewa kwa dakika tisa, siku thelathini na nane.

Nafasi ya msaidizi ilipopatikana, baada ya Chilewa kuhamishwa, ukapeleka jina la mwingine. Nikaja ofisini kwako.

"Namba zako, Mwalimu," ukasema, ukalifungua daftari. "Thelathini na nane. Wewe ndiye wa hesabu, hebu niambie ningewaandikia nini wilayani."

Nikaaga, nikatoka. Nyumbani nikapiga hesabu. Thelathini na nane mara tisa ni dakika mia tatu arobaini na mbili. Hazifiki saa sita, kwa mwaka mzima. Mwaka huohuo nilibaki na darasa la saba saa nzima baada ya kengele, mara tatu kwa wiki. Jioni hakuna aliyepiga mstari, kwa hiyo saa hizo hazikuandikwa popote. Nilikuja kuwa msaidizi baada ya miaka minne, katika shule nyingine. Chuo nilijisomesha kwa kukaanga maandazi, hivyo kuanza upya haikuwa kazi ngeni kwangu. Ila miaka minne ni minne.

Leo nami ni mwalimu mkuu, na kalamu nyekundu ninayo. Mstari naupiga saa ileile. Tena nahesabu kuliko wewe. Wiki iliyopita nilitakiwa kupeleka kwa afisa elimu kata orodha ya walimu wanaochelewa. Mwalimu Elia, kijana wangu wa sayansi, alikuwa na sita katika wiki tatu, safu ya maelezo tupu mara zote sita. Orodha ile inampa mtu barua ya onyo, na Elia bado yuko kwenye majaribio ya kazi. Nilishaandika jina lake. Nikaitazama ile safu tupu, nikainuka, nikamfuata darasani kwake.

"Elia, asubuhi unatokea wapi?"

"Hospitalini, kule Chimwaga, Mkuu. Mke wangu yuko wodini wiki ya tatu. Mtoto namwacha kwa dada, ndiyo nageuza huku."

"Mbona husemi?"

Akafuta ubao kwanza. "Nilijua unahesabu, Mkuu. Sikujua unauliza."

Mkuu, nilirudi ofisini nikakaa. Wewe ulinifundisha nusu ya kazi hii, nusu ngumu ambayo wengi hawana, na nikaibeba yote kama ilivyo, pamoja na pengo lake. Kwenye orodha nikaiacha sita kama ilivyo, kwa sababu ni sita kweli. Pembeni nikaandika: "Sikumuuliza." Nikatia saini yangu. Afisa akapiga simu.

"Mwalimu Mkuu, hii ni sababu ya nani sasa?"

"Ya kwangu."

Akasema barua atakayoiandika italetwa kwangu. Nikamwambia sawa.

Kipindi cha kwanza cha Elia nakifundisha mimi hadi mkewe atoke. Asubuhi hii aliingia saa mbili na dakika tano, akaandika jina lake chini ya mstari, na mstari sikuusogeza. Kipindi kilipoisha nilivuta daftari, nikaandika kwenye safu ya maelezo: "Kwa ruhusa yangu."

Ni maneno matatu. Hayakuchukua hata nusu dakika. Mimi nilikuachia safu tupu mara thelathini na nane kwa kiburi. Neno moja, "mama", lingetosha, na hilo nalibeba. Lakini daftari ulikuwa unalifungua kila siku, Mkuu, na kalamu ilikuwa imefungwa palepale mezani kwako.

Lala salama huko Kolo.

Mwalimu wako wa hesabu